Mlima Wenye Kofia na Nyayo Nilizoziacha

Shughuli nzima iligharimu chupa saba za wino mweusi, vitabu viwili vikubwa vya jalada gumu, kalamu tatu za kuchovya, jogoo mmoja mwekundu, na Jumamosi kumi na nne ambazo mke wangu hajanisamehe mpaka leo. Nyayo peke yake zilikuwa elfu moja mia tisa na kumi na mbili. Nilizihesabu mara mbili. Kama mara ya pili ningepata tofauti ningerudia ya tatu, lakini sikupata, kwa hiyo mniamini.

Ninyi mliobaki ghalani mlinifanyia chai ya kuniaga, mkanipa blanketi na hotuba. Blanketi lina joto. Katika hotuba mlisema mzee aandike aliyoyaona ili vijana wasome, na nadhani mlitegemea nitasahau. Basi someni. Vyeo sitavitaja: nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili kiti kilikuwa kile kile chenye mguu uliofungwa waya. Nitawaeleza habari ya kitabu cha picha, kwa sababu juzi nimesikia mmoja wenu akikiita "ile katuni ya mzee", na kwa sababu kuna jambo limenishinda nataka mnisaidie.

Kuhesabu sikufundishwa shuleni. Nilifundishwa na treni. Kwetu ni Butere, reli inapoishia, na kabla ya kuajiriwa nilikuwa nikiuza mayai ya kuchemsha na njugu kwenye madirisha ya mabehewa. Treni haingojei chenji. Unahesabu mara ya kwanza kwa ajili yako na mara ya pili kwa ajili ya mteja, kwa sauti, ili akisema umempunja mashahidi wawe wengi. Pale ndipo nilijifunza pia kwamba ukitaka kujua bidhaa ni ya nani, usiulize. Itukane tu. Mwenyewe atajitokeza kuitetea.

Mwaka uliofuata uhuru nilipata kazi ya ukarani katika ghala la ushirika kule Lugari. Wazungu walikuwa wameuza mashamba, serikali ikayagawa vipande, na watu wakaja kutoka kila upande wakiwa na majembe, kuku na ndugu. Ghala letu lilikuwa banda la kukamulia ng'ombe la mzungu mmoja. Siku yangu ya kwanza nilikuta mahindi yamerundikwa mahali pa ng'ombe, na kila gunia lilinuka maziwa yaliyoganda. Mkuu wa ghala alikuwa Mzee Okwemba, ambaye alikuwa amekamua ng'ombe katika banda hilo hilo kwa miaka kumi na sita. Alinipokea bila kusimama.

"Unajua kusoma?"

"Najua, mzee."

"Kuandika?"

"Najua."

"Kushona gunia?"

Nikatazama magunia.

"Basi hujui kitu. Kaa hapa."

Akanipa shazia, ile sindano ndefu ya magunia, na uzi wa katani. Wiki nzima nilishona. Vidole vilivimba mpaka sikuweza kushika kalamu niliyoajiriwa kuishika. Baadaye akanipa kile chuma chenye mfereji cha kudungia gunia, kinachotoa punje za katikati bila kulifungua. Alinionyesha jinsi ya kudunga kutoka chini kwenda juu, kwa sababu mkulima mwerevu huweka mahindi mazuri juu na mkulima mwerevu zaidi huyaweka pembeni. "Katikati ndiko watu wanafichanga," alisema. Mpaka leo, nikikutana na mtu mwenye maneno matamu, mkono wangu hutafuta kile chuma.

Tatizo letu halikuwa mahindi. Lilikuwa watu. Wanachama wengi hawakujua kusoma, na majina yao yalikuwa yale yale. Wafula, aliyezaliwa wakati wa mvua. Wekesa, wakati wa mavuno. Wanjala, wakati wa njaa. Katika skimu yetu, yaani yale mashamba yaliyogawanywa, nilikuwa na akina Wafula kumi na tisa. Mvua ilinyesha vizuri miaka ile. Ofisi ya Kakamega ilituambia tumpe kila mwanachama nambari na kuichapa kwenye gunia. Tukatoboa bati, tukapaka rangi. Msimu wa kwanza, mwenye nambari sitini na sita na mwenye nambari tisini na tisa walipigana mbele ya mizani, maana gunia halina kichwa wala miguu, na ukiligeuza, sitini na sita anakuwa tajiri. Mzee Okwemba aliwatenganisha kwa ndoo ya maji, kama alivyokuwa akitenganisha mafahali.

Wakati huo nilipelekwa Bukura, penye chuo cha kilimo, kwa mafunzo ya wiki tatu juu ya kuhifadhi nafaka. Mmoja wa walimu alikuwa mtu mfupi mwenye masharubu, aitwaye Anselmo, aliyetoka Meksiko. Alikuja kwa ajili ya mbegu za mahindi. Kiswahili chake kilikuwa na miezi minane na kilitembea kama mtoto wa miezi minane, lakini hakikuogopa kuanguka.

Siku ya kwanza aliinua hindi akasema, "Hii, mjukuu wa kwetu. Babu yake Meksiko. Nyinyi mnasema chakula yenu. Sawa. Lakini babu, kwetu."

Darasa likachukia. Mmoja akasema mahindi ni ya bibi yake, na bibi hakuwahi kupanda meli. Mimi nilimpenda mtu huyo mara moja. Mtu anayeweza kusimama mbele ya Waluhya arobaini na kudai ugali ni wake ni mfanyabiashara wa kweli.

Wakati wa chai nilimweleza habari ya sitini na sita na tisini na tisa. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akachukua penseli yangu, na penseli hiyo hakuirudisha. Akachora kichwa cha mtu kikitazama upande. Kutoka kichwani akavuta mstari mwembamba kwenda juu, na mwisho wa mstari akachora kichwa cha sungura, na kando yake vitone vinne.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mwindaji," nikasema.

"Hapana. Jina. Anaitwa Sungura Nne. Amezaliwa siku ya sungura ya nne, kalenda ya zamani."

Akaniambia bibi yake alisema Kinahuatl, na kwamba watu bado wanakisema, wengi tu. Zamani, kabla Wahispania hawajafika na hata baadaye, wazee wa lugha hiyo waliandika kwa picha. Mtu alikuwa kichwa, jina lake likaning'inia kwa mstari. Wengine waliitwa kwa siku waliyozaliwa, wengine kwa kitu: ngao inayofuka moshi, mkono ulioshika matete. Karani wa kule alichora nyumba kwa nyumba, nani anakaa wapi, analeta nini.

"Sisi pia tunaitwa kwa siku," nikamwambia. "Mvua, njaa, kiangazi."

"Basi mnangoja nini?"

"Na mahali mtu alikotoka?"

Hapo macho yake yakawaka. Akachora mlima kama kengele iliyosimama, umepinda kidogo miguuni, na ndani yake nyoka. "Coatepec. Mlima wa nyoka. Kwa bibi yangu." Kisha mahali pengine, akachora meno chini ya picha. Nikauliza kama watu wa huko wanauma. Akasema hapana: kwa lugha ya bibi, neno la meno linafanana kwa sauti na mwisho wa majina mengi ya mahali, basi karani alichora meno, msomaji akamalizia mwenyewe. Na hata mji ulio kwenye tambarare huchorewa mlima, kwa sababu neno lao la mji lina maji na mlima ndani yake. Mwishowe akachora nyayo ndogo, kushoto, kulia, kushoto, zikitoka mlima mmoja kwenda mwingine.

"Hii, amehama. Nyayo ni muhimu. Usisahau nyayo."

Nilirudi Lugari na karatasi sita. Mzee Okwemba alizitazama akauliza kama nilikuwa mgonjwa. Nilimwambia nipe msimu mmoja. Tukapatana: mimi nichore, na ikishindikana nishone magunia mwaka mzima bila kulalamika. Alidhani ameshinda.

Tulianza na majina. Wafula alikuwa wingu lenye matone, Wekesa hindi lililomenywa. Wangila, aliyezaliwa njiani, nilimpa njia yenye kona. Akina Wafula kumi na tisa niliwatofautisha kwa idadi ya matone, na Wafula wa matone kumi na tisa akajiona mkubwa kuliko wote. Gunia lilichapwa picha mbili: jina na mlima. Mlima ulikuwa mahali mtu alikotoka, maana skimu nzima ilikuwa ya watu waliotoka kwingine. Waliotoka Maragoli nikawachorea mlima wenye mawe makubwa. Waliotoka Isukha, mlima wenye pembe, kwa sababu ya fahali wao wa kupigana. Babukusu waliotoka Bungoma, mlima wenye kengele ya jando. Waliotoka Wanga, kule Mumias, nikawachorea mlima uliovaa kofia. Hakuna aliyepigana tena mbele ya mizani. Mtu akifika alinyoosha kidole: "Ile mvua ya mawe ni yangu."

Lakini nilifanya hesabu. Kila kichwa kingehitaji nyayo nne, angalau. Kila unyayo una vidole vitano. Wino ulitoka Kakamega, na aliyeuleta aliuleta alipokumbuka. Nikajiambia, kila mtu anajua kwamba watu walihama; wamekaa hapa, tunawaona. Nikaziacha. Nilijisifu kwamba nimeokoa chupa.

Siku ya kuandikisha familia ya Wanyonyi naikumbuka vizuri. Wanyonyi alikuwa Mbukusu mpole aliyezaliwa wakati wa palizi, basi nikamchorea jembe katikati ya magugu. Alikuja na mkewe na kaka yake mkubwa, Simiyu, mwenyekiti wa kamati, ambaye jina lake ni kiangazi. Yeye nilimchorea jua na ardhi iliyopasuka. Mke wa Wanyonyi aliitwa Nanzala, aliyezaliwa wakati wa njaa. Nikamchorea chungu kilichofunikwa kifudifudi. Ila jina hilo lilikuwa la kitabuni tu. Mnajua desturi: mwanamke aliyeolewa huku huitwa kwa kwao alikozaliwa, na jina hilo humfuata mpaka kaburini. Yeye aliitwa Omuwanga, mtu wa Wanga. Nikavuta mstari kutoka kichwa cha mumewe hadi kichwa chake, kama nilivyofanya kwa wake wote, nikaanza kumchorea mlima.

Simiyu alikuwa amesimama nyuma yangu, akipumua shingoni mwangu.

"Kofia gani hiyo?"

"Kofia ya Wanga, mwenyekiti."

"Hiyo ni kofia? Hiyo ni kifuniko cha chupa. Huyu ametoka kwa watu wenye wafalme. Ongeza."

Nikaongeza.

"Ongeza."

"Mwenyekiti, itafika kwa jirani."

"Ifike."

Ikafika. Omuwanga alifunika mdomo akicheka, na Wanyonyi akaniomba radhi kwa macho. Kofia ile ndiyo kubwa kuliko zote kitabuni. Nimezipima.

Mwaka wa pili Anselmo alipita kukagua mbegu chotara. Nilimwonyesha kitabu kwa fahari. Alifungua kurasa, akacheka kwenye mlima wenye pembe, akacheka sana kwenye kofia. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza.

"Nyayo wapi?"

"Tumepunguza gharama."

Akakuna masharubu. "Kwa wazee wangu, mtu bila nyayo hajafika. Bado yuko mlima wake."

"Sisi tunajua wamefika."

"Wewe unajua. Kitabu hajui."

Nilidhani ni kiburi cha mtu ambaye mahindi ni mjukuu wake. Nikampa jogoo mwekundu aende naye, akaenda. Sikumwona tena.

Miezi minne baadaye Wanyonyi alikufa kwa homa, ndani ya siku tatu. Omuwanga alibaki na watoto watatu na mimba. Walipomaliza matanga, Simiyu akataka kumrithi, kama desturi ilivyomruhusu kutaka. Omuwanga akakataa, kama desturi ilivyomruhusu kukataa. Hapo ndipo ubaya ulipoanza. Katika faili la skimu shamba lilikuwa na jina la Wanyonyi peke yake. Simiyu akaenda ofisini akasema marehemu hakuwa na mke. Yule ni mama wa Wanga aliyekuja kuvuna kwa kibarua, mahari haikumalizika, na shamba lirudi kwa ndugu. Omuwanga akaambiwa asipande kitu mpaka kesi iamuliwe, na zilikuwa zimebaki wiki mbili tu mvua zianze.

Afisa wa skimu alikuja ghalani asubuhi ya siku ya kupima mahindi, ili awakute watu wote pamoja. Alikuwa kijana mwenye soksi ndefu na subira fupi. Alikalia magunia mawili, faili magotini.

"Nimesikia ushahidi wa mdomo," akasema. "Watatu wanasema alikuwa mke. Watano wanasema kibarua. Wengine wote wanasema walikuwa wamekwenda sokoni. Nataka kitu kilichoandikwa."

Wale watano walikuwa wanakamati. Mzee Okwemba alikuwa mmoja wa wale watatu, na mimi wa pili. Nikaleta kitabu.

Afisa akalitazama jembe na magugu, akautazama mstari, akaitazama kofia. "Huyu mwanamke ni yupi?"

"Ni huyu hapa. Ule mlima ndiko alikotoka. Ule mstari unaonyesha ni mke."

Simiyu akasimama. Sitamnyima haki yake: alikuwa na akili kali. "Bwana Afisa, uliza karani. Kutoka kichwa cha marehemu kuna mstari mwingine unaenda kwa jembe. Marehemu alioa jembe?"

Ghala zima likacheka. Nilieleza kwamba mstari wa jina huenda juu na wa ndoa huenda pembeni, na nilipokuwa nikieleza nilijisikia jinsi nilivyokuwa nikichekesha.

"Na huu mlima," afisa akasema. "Unasema ni wa Wanga. Kitabu chako kinaonyesha wapi kwamba aliondoka Wanga akaja kuishi hapa?"

Nikatazama ukurasa kana kwamba nyayo zingejitokeza zenyewe kwa huruma. "Hakionyeshi," nikasema.

"Basi!" Simiyu akapiga kofi. "Kitabu chenyewe kinasema yuko kwao. Mama mgeni arudi kwao, tena kwa heshima. Sisi hatuna ubaya na wageni."

Omuwanga alikuwa amesimama karibu na mizani, mkono kwenye tumbo. Hakulia. Aliniangalia mimi, si Simiyu, na ndivyo ilivyostahili: Simiyu alikuwa akitafuta shamba, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimeokoa wino.

Nikamwomba afisa malori manne.

"Ya nini?"

"Ya kuwahamisha waliobaki. Nimekwisha kuhesabu, vichwa mia nne sabini na nane, na hakuna hata kimoja chenye nyayo." Nikaanza kusoma kwa sauti. Mwenyekiti Simiyu, jua na ardhi iliyopasuka, mlima wenye kengele, hana nyayo: yuko Bungoma. Mkewe, mlima wenye mawe: yuko Maragoli, na sijui anampikiaje kutoka huko. Mweka hazina, mlima wenye pembe. Karani mwenyewe, yuko Butere anauza mayai. Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha gunia.

Afisa hakucheka. "Umethibitisha kwamba kitabu chako hakifai," akasema. "Hujathibitisha kwamba huyu mama alikuwa na mume." Akaanza kufunga faili.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikuwa nimepanga. Nilipanga nusu. Nusu nyingine ilitoka kwenye madirisha ya treni.

"Bwana Afisa ana haki," nikasema. "Kitabu hakifai, na ukurasa huu ndio mbaya kuliko yote. Tazama hii kofia. Imeanguka mpaka kwa jirani. Sijui siku hiyo nilikunywa nini. Ni aibu. Mtu yeyote mwenye macho angesema hii si kofia, ni sufuria."

"Sufuria?" Simiyu akageuka. "Sufuria gani? Hiyo ni kofia ya maana!"

"Kofia gani kubwa hivyo, mwenyekiti? Mlevi ndiye alichora."

"Mlevi ni wewe! Mimi ndiye nilisimama hapo nikakwambia ongeza! Ulitaka kumvika mulamwa wangu kifuniko cha chupa!"

Ndugu zangu, nimesikia ghala likinyamaza mara mbili maishani mwangu. Mara ya kwanza paa lilipong'oka kwa upepo. Mara ya pili ilikuwa pale. Hata wale watano waliokuwa wakisema kibarua walitazama chini wakahesabu vidole vyao vya miguu.

Mzee Okwemba aliondoa kiko mdomoni. "Umesema nani?"

Simiyu akatazama mlangoni.

"Nimeuliza tu," Mzee akasema. "Mimi ni mzee, masikio yanachokanga. Mulamwa ni shemeji. Mtu anakuwanga na shemeji kwa jembe?"

Afisa, ambaye kwao kulikuwa mbali na Kakamega, akaniuliza polepole mulamwa ni nini, ingawa Mzee alikuwa amekwisha kusema. Nikamwambia: kwa mwenyekiti, ni mke wa ndugu yake, na si mwingine. Akaandika. Akamwuliza Simiyu kama alilitamka neno hilo. Uso wa Simiyu ulipita misimu yote isipokuwa ule aliozaliwa, kisha akasema, "Nimelitamka. Ndugu yangu alimwoa. Nilikuwa na hasira." Akakaa chini kwenye gunia. Nilimheshimu kuanzia siku hiyo, ingawa si sana.

Shamba likaandikwa kwa jina la Nanzala, mjane wa Wanyonyi. Afisa akaniamuru nisahihishe kitabu mbele yake. "Futa huo mlima wa Wanga. Weka wa hapa, tusirudie upuuzi huu."

Nikachukua wembe wa kukwangulia wino. Omuwanga akaja akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Usifute."

"Mama, ndiyo ilitaka kukufukuza."

"Haikunifukuza. Mimi ni Omuwanga. Ukinifutia huo mlima utaniitanga nani?" Akamtazama afisa, kisha akanitazama mimi. "Niongezee tu ile uliyoiacha."

Nikachora nyayo nne, kutoka mlima wenye kofia hadi kwa jembe. Alizikagua.

"Nilikuja nimebeba mtoto mgongoni," akasema.

"Nyayo za mtu aliyebeba mtoto ni zile zile, mama."

"Zinakuwanga nzito."

Nikazikoleza wino. Wiki hiyo hiyo alipanda, na mvua ikamkuta tayari. Jumamosi iliyofuata nilianza ukurasa wa kwanza, nikawachorea wote. Mnajua sasa zile Jumamosi kumi na nne zilikwenda wapi. Simiyu alikuja mwenyewe kuchorewa zake, akataka ziwe kubwa. Nilikataa. Tulibishana nusu saa, tukapatana kwenye saizi ya kati. Msimu uliofuata alimlimia mulamwa wake ekari mbili bila kuombwa, na tangu hapo sikuwahi kusikia neno baya kati yao, isipokuwa yale ya kawaida ya ndugu wanaopakana.

Kazi ikaendelea. Watoto wakaenda shule, picha zikabaki kwenye magunia kwa mazoea tu, halafu zikaisha. Kile mnachojivunia siku hizi, kwamba mwanachama wetu hajawahi kupotelewa na gunia, kilianzia hapo. Somo la kazi ni fupi: kile ambacho kila mtu anakijua ndicho cha kuandika kwanza, kwa sababu siku ya kesi kila mtu atakuwa amekwenda sokoni.

Sasa nifikie jambo lililonishinda. Omuwanga alifariki mwaka juzi. Shamba amemwachia binti yake wa mwisho, yule aliyekuwa tumboni siku ile ghalani. Ni mwalimu, ameolewa na Mmaragoli wa jirani, na mwezi uliopita amejiunga na ushirika kwa jina lake. Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja mezani akavuta kiti.

"Karani, nichoree na mimi. Niwe karibu na mama."

"Nambari unayo. Siku hizi ni kompyuta."

"Nambari si yangu. Ni ya kompyuta."

Kichwa nilichora. Jina pia, halikunisumbua. Kisha kalamu ikasimama. Nyayo hana, hakuhama popote, alizaliwa pale pale penye magugu ya baba yake. Kwa mama kuna kofia, kwa baba kengele, lakini yeye Wanga amefika mara mbili kwa mazishi, na Bungoma anaijua kwa basi. Kwa mumewe wanamwita kwa kwao alikozaliwa, kama desturi, na kwao ni hapa. Nilimuuliza mlima wa hapa uwe na nini ndani. Akasema, "Wewe ndiye karani."

Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuuchora mlima wa hapa, maana hakuna aliyekuwa ametoka hapa. Nimefikiria hindi, lakini hilo lina babu yake Meksiko na nisingependa kuanzisha kesi nyingine. Nimefikiria ndoo ya maziwa. Ile ni ya mzungu. Mke wangu anasema nichore watu wakibishana. Ninyi wengi wenu pia mmezaliwa hapa, mnajua zaidi yangu. Atarudi Jumamosi kuutazama ukurasa. Niambieni kabla ya siku hiyo: ndani ya mlima wenu niweke nini?